Nyumba ya Benki na Mtu Asiyeruhusiwa Kuingia

Wote waliojifunza kuendesha gari kwake walimwita Breki, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha pembeni ndani ya gari la mafunzo, mguu juu ya breki ya ziada, akiwaokoa wanafunzi, wapita njia na kuku wa watu. Mazoea hayo alirudi nayo mpaka nyumbani. Mkewe akianza habari kwa kasi, ungeuona mguu wa Breki unabonyeza zulia.

Mtu wa namna hiyo hanunui nyumba ya mnada. Ila alikuwa na shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa muuza mapazia. Siku moja alihudhuria semina ya kununua nyumba zilizokamatwa na benki, akarudi na fulana mpya na maneno mengi.

"Shemeji, kufa kufaana," alisema, amekaa sebuleni kwa Breki kama aliyekuja kuposa. "Benki haitaki nyumba. Benki inataka hela. Nyumba mikononi mwa benki ni kama mtoto mchanga mikononi mwa mjomba: anaangaza huku na huku atafute wa kumpokea. Wewe unapokea kwa bei ya chee, unapaka rangi, mimi naweka mapazia, tunauza."

"Na aliyenyang'anywa je?" aliuliza mkewe Breki. Alikuwa muuguzi, na alizoea kuuliza habari za mtu aliyelala kitandani kabla ya habari za kitanda.

"Huyo keshaondoka, dada. Nyumba tupu. Pana mlinzi tu getini. Kazi ni kufungua mlango."

Breki alibonyeza zulia kwa nguvu zake zote, lakini safari hii gari halikusimama.

Mnada wenyewe ulifanyika kwenye ukumbi wenye joto, chini ya dalali ambaye sauti ilikuwa imemkauka tangu asubuhi. Mshindani wa pekee wa Breki alikuwa bwana mmoja mnene aliyepandisha bei kwa moyo mkunjufu, mpaka alipouliza kama friji hilo lina freza. Alipoambiwa kwamba friji zilikwisha zamani na hii ni nyumba, aliomba radhi akakaa chini. Breki akabaki peke yake, mkono juu. Nyundo ikagonga.

Jumamosi iliyofuata wakaenda kuiona nyumba: Breki, mkewe na Shemeji. Getini walimkuta mlinzi mrefu, mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa.

"Karibuni. Mnamtaka nani?"

"Hatumtaki mtu," alisema Breki. "Nyumba hii ni yangu."

Mlinzi alimwangalia kwa huruma. "Ni maneno mazuri hayo, bosi. Hata mimi niliwahi kuyasema."

Hawakumwelewa. Alizisoma karatasi zao polepole, akafungua geti, akabaki nje yake, mikono nyuma.

"Mlango wa mbele usiusukume, bosi. Uinue kidogo kwanza, kama unamgeuza mgonjwa. Swichi ya jikoni usiiguse na mkono wenye maji. Na wewe dada, kigae kilicho karibu na dirisha la sebule kinacheza, kitakuangusha."

Mlango ulikataa kusukumwa, ukakubali kuinuliwa. Swichi ilimuuma Shemeji, aliyekuwa ametoka kunawa. Kigae kilicheza.

"Huyu mlinzi kazi anaijua!" alisema Shemeji akipuliza vidole.

Mkewe Breki aliwaacha hapo. Alirudi getini.

"Kaka, umeyajuaje yote hayo? Wewe si unakaa hapa nje?"

"Kweli, dada. Tangu nianze lindo hili sijatia mguu ndani."

"Sasa?"

"Kabla ya hapo ndimo nilimokuwa nakaa."

Hakuwa na kinyongo. Aliwasimulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa mtengeneza magodoro, na biashara ilikwenda vizuri mpaka alipokopa benki akanunua mashine ya kuyabana magodoro ili yasafirishwe kwa urahisi. Mashine ilibana vizuri sana. Tatizo ni kwamba magodoro hayakuumuka tena. Wateja walipeleka nyumbani kitu kama mkeka, wakakizunguka siku nzima wakikisubiri. Wakamrudishia. Benki nayo ikaja ikachukua nyumba. Mkewe na watoto wakaenda kujibana kwa dada yake, naye akazunguka kutafuta kazi mpaka kampuni moja ya ulinzi ikamchukua kwa sababu ya urefu.

"Siku ya kwanza nilipakiwa nyuma ya pikipiki, nipelekwe kwenye lindo," alisema. "Kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuijua njia. Tukafika. Dereva akaniambia, 'Hapa ndipo.' Nikamwambia, 'Najua.'"

Ndani ya kibanda chake palibandikwa picha ya bwana mmoja aliyenona, mwenye tai na tabasamu pana. Chini yake paliandikwa: HUYU ASIRUHUSIWE KUINGIA KWA HALI YOYOTE.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Shemeji.

"Ni mimi."

"Mbona hamfanani?"

"Wakati ule nilikuwa na nyumba."

Breki alitafuta breki kwa mguu, akakuta mchanga mtupu. "Na kampuni yako inajua?"

"Niliwaambia siku ile ile. Msimamizi aliitazama picha, akanitazama mimi, akafikiri sana. Akaniuliza, 'Maagizo yanasema asiingie. Je, unakusudia kuingia?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi shida iko wapi?' Mwisho wa mwaka wakanipa chupa ya chai, mlinzi bora. Kwingine kote wenye nyumba wa zamani hurudi kung'oa milango na masinki. Hapa hajawahi kuonekana hata akipita."

Mkewe Breki alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa maua. Halafu akaona haya, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Cheka tu, dada," mlinzi alimwambia. "Mke wangu mwenyewe hucheka. Baadaye hulia, lakini huanza kwa kucheka."

Breki alifikiri kwamba jambo hili dawa yake ni rahisi. "Kaka, sikiliza. Mimi ndiye mwenye nyumba sasa. Nakuruhusu uingie."

"Ahsante, bosi. Ila maagizo si yako, ni ya benki. Mpaka waniondoe."

Breki akaenda benki. Huko alielezwa na binti mwenye adabu sana kwamba idara ya nyumba imekwisha kulifunga faili, lakini idara ya ulinzi haijalifungua, na faili haliwezi kufungwa na idara ya pili kabla halijafunguliwa. Awe na subira. Kwa hiyo Breki akawa na nyumba yake, inayolindwa kwa gharama ya benki, dhidi ya mtu aliyekuwa akiilinda.

Akaanza ukarabati. Alichagua rangi ya kijani iliyofifia kwa sababu duka lilikuwa linaimaliza. Shemeji akatundika mapazia. Wanunuzi wakaanza kuja, na kila mmoja, kwa desturi ya binadamu, alisimama kwanza kuzungumza na mlinzi.

"Eti nyumba hii inavuja?"

"Chumba cha watoto, upande wa kabati. Mvua ikitoka mashariki tu."

Wakageuza magari yao.

"Mnyamazishe mtu huyo!" Shemeji alifoka.

"Sijasema kitu, shemeji," mlinzi alijibu. Naye alikuwa keshaanza kumwita shemeji kama wengine. "Nimeulizwa."

Yaliyobaki yalitokea alasiri moja ya joto. Breki aliingia stoo, chumba kisicho na dirisha, kupima mahali pa rafu. Ndani alikuwa amepanga makopo ya rangi na dumu la dawa ya kuyeyushia rangi, ambalo mguu wake, kwa mazoea, ulilibonyeza. Dumu likaanguka, likamwagika. Breki akaruka nyuma, akagonga mlango, mlango ukajifunga.

Mkewe alikuwa anafuta madirisha ya sebuleni. Alimsikia akigonga. Alijaribu kitasa, kikazunguka bure kama kichwa cha mlevi. Akakimbia getini.

"Amejifungia stoo!"

"Mola wangu!" alisema mlinzi. "Kitasa kile nilikiweka mwenyewe, nikakiweka juu chini. Mwambie avute huku anasukuma."

Akakimbia ndani, akasema. Akakimbia nje. "Anasema amevuta."

"Na kusukuma?"

Ndani tena. Nje tena. "Anasema hawezi kufanya yote mawili, yeye ni mtu mmoja!"

Safari iliyofuata alirudi uso umebadilika. Nyuma ya mlango Breki alikuwa ameanza kufundisha. "Tazama kioo!" alikuwa akiliambia kopo la rangi. "Kioo, mwanangu! Washa taa ya kona! Sasa mwachie bibi avuke." Kisha akacheka kicheko laini ambacho mkewe hakuwahi kukisikia tangu waoane.

"Kaka," alisema, "mume wangu anavuta hewa ya dawa ya rangi. Akikaa humo dakika chache zaidi tutamtoa amelala."

Mlinzi aliitazama nyumba. Akaitazama picha.

"Dada, nikiingia na sare, mimi ni mlinzi niliyemruhusu yule bwana kuingia. Nikiivua sare, ndiye yule bwana mwenyewe."

Mkewe Breki alivuta pumzi, akatoa ile sauti anayoitumia wodini kwa wanaume wazima wanaoogopa sindano.

"Baba, ingia ndani!"

Mlinzi akapiga saluti, sijui kwa nani, akaingia.

Kwenye baraza alisimama, akajifuta miguu juu ya zulia la mlangoni ambalo halikuwapo. Akauinua mlango. Akakiruka kigae bila kukitazama. Mbele ya stoo hakukigusa kitasa. Aligeuka ubavu, akaupiga mlango kwa nyonga, mara moja, mahali palipokuwa pamebonyea kidogo, na mlango ukafunguka. Breki akatoka, akamwangukia kifuani, akamwambia kwamba amefaulu mtihani.

Walimkalisha barazani, kwenye upepo. Mkewe akamtazama macho, akamshika mapigo ya moyo, akamnywesha maji. Walipogeuka, mlinzi alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, mikono imelegea, akizungusha shingo polepole kama mtu aliyeamshwa kituo kisicho chake. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akafanya jambo ambalo mkewe Breki mpaka leo akilisimulia hulazimika kuweka chini alichoshika. Alijikamata mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akajitoa nje, akajipeleka mpaka kibandani, akapiga simu.

"Mkuu, yule mtu ameingia. Ndiyo, wa kwenye picha. Usihofu, nimemkamata."

Msimamizi alifika na vijana wawili wenye virungu. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Virungu vikashuka taratibu. Msimamizi alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Shemeji, aliyewasili wakati huo huo na mapazia ya jikoni, aliomba aelezwe, akaelezwa, akaomba aelezwe upya.

"Tatizo ni hili," msimamizi alisema hatimaye. "Kampuni haiwezi kumbakiza mlinzi aliyemwachia mtu asiyeruhusiwa aingie. Wala haiwezi kumfukuza mlinzi aliyemtia mbaroni." Akatembea mpaka getini, akarudi. "Nakusimamisha kazi. Na hongera."

Akampa mkono. Vijana nao wakampa mkono. Mlinzi akavua kofia ya kampuni, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akamkabidhi. Bila kofia, kwa mara ya kwanza, walimwona amefanana kidogo na bwana wa kwenye picha.

Breki alikuwa bado anahisi kichwa kizito, na labda ndiyo maana aliongea bila mguu wake kumzuia.

"Kaka, mkeo na watoto bado wako kwa dada yake?"

"Wako. Tunalala kwa zamu."

"Hamieni hapa. Kodi tutaelewana, ukipata kazi."

"Shemeji!" Shemeji aliangusha mapazia. "Nyumba hii ni ya kuuza! Semina ilisema kabisa, usiingize moyo ndani ya mali!"

"Tumuuzie nani?" aliuliza mkewe Breki. "Kila mnunuzi anamwuliza huyu kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu anawajua kunguni wote kwa majina."

Mlinzi alitaka kushukuru. Badala yake akamwonyesha Breki namna ya kukigeuza kile kitasa, na kwa muda mrefu wanaume wawili walisimama mbele ya mlango wa stoo wakikifungua na kukifunga.

Familia ilihamia na mkokoteni wa vyombo, watoto wamekaa juu ya magodoro yaliyobanwa, yale yale. Mama mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alimshukuru Breki, akamshukuru mkewe, akaingia ndani. Walisubiri barazani wasikie kilio.

"Nani kapaka rangi hii?" sauti ilitoka sebuleni.

Breki akajitaja.

"Ahsante baba, umetusitiri, Mungu akubariki. Lakini huu ukuta umeupaka rangi au umeupa dawa ya minyoo?"

Jumapili iliyofuata mwenye nyumba alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anapaka ukuta rangi ya maziwa aliyochaguliwa na mpangaji ambaye hajalipa kodi. Mume wa mpangaji aliishika ngazi chini, na kila Breki aliponyoosha mkono mbali kupita kiasi, alimwambia, "Polepole, bosi, polepole." Mapazia ya Shemeji peke yake ndiyo yaliyopita mtihani. Mama aliyashika, akayavuta, akayanusa, akasema haya yabaki, na Shemeji akaenda akiwaambia watu kwamba tangu mwanzo alijua nyumba ile ina faida.