Mgahawa Ulioipisha Barabara

Ardith Pruett alikuwa na mgahawa mmoja, jiko moja na shemeji mmoja, na katika vitatu hivyo ni shemeji peke yake aliyemtia mvi.

Mgahawa wenyewe ulikuwa kando ya barabara ya zamani, pale Tolliver, Wayoming, mahali ambapo swala ni wengi kuliko watu na upepo ni mwingi kuliko swala. Wageni wa kutoka majimbo ya mashariki hushuka garini, hushika kofia zao, hutazama huku na huku, kisha husema hapa hapana kitu. Macho hawana. Hapa pana nafasi, na nafasi ni mali. Wao kwao wamebanana kama njugu ndani ya ganda, halafu wanatuonea huruma sisi!

Clell, mume wa Ardith, ndiye aliyeujenga mgahawa ule, kwa mbao alizozibomoa kwenye stesheni ya reli iliyoachwa. Alipofariki, ndugu wa Ardith wa Nebraska walipiga simu kumwita nyumbani. Ardith akawaambia ana pai jikoni zinaungua, akakata simu, na hilo ndilo likawa jibu lake kwa miaka yote iliyofuata. Pai hazikuwa zinaungua. Pai za Ardith hazijapata kuungua tangu dunia iumbwe. Madereva wa malori walikuwa wakivumilia njaa tangu mpakani ili waje waimalizie kwake, na ukimkuta mtu aliyekula pai ile ya tufaha akaisema vibaya, mpeleke kwa daktari, ulimi wake umekufa.

Basi, miaka ile ya sitini, serikali ikaamua kujenga barabara kuu mpya ya kutoka bahari hadi bahari, bila taa hata moja ya kusimamisha gari. Katika jimbo letu ingepita chini ya vilima vya Tolliver, pua na mdomo na mgahawa wa Ardith. Mtu asiyejua angesema mama huyu kaangukiwa na bahati. Lakini barabara hiyo si kama hizi zetu, kwamba ukiona moshi wa jiko unakata kona unaingia. Ile imezungushiwa waya huku na huku, na gari likishaingia halitoki mpaka lifike mahali palipojengwa njia ya kutokea. Na katika mchoro wa kwanza Tolliver haikupewa. Watu ni wachache mno, walisema, kana kwamba uchache ni ugonjwa.

Ardith alilielewa jambo lile upesi kuliko wote. Magari yatapita, madereva watauona moshi wa jiko lake kupitia waya, watameza mate, na njaa yao wataipeleka mji wa Carver, mwendo mrefu kuelekea mashariki. Mgahawa utakufa kabla ya theluji ya pili. Hapo Nebraska itapiga simu tena, na safari hii hatakuwa na pai za kusingizia.

Shemeji yake, Orrin Pruett, mdogo wake Clell, mfuga ng'ombe, mtu mwenye masharubu ya kutosha watu wawili na akili ya kumtosha mmoja siku akiamka vizuri, alikuja kumliwaza.

"Shemeji, usihuzunike. Wakikufungia, utakuja kunipikia mimi."

"Heri niende Nebraska."

"Nebraska! Basi jambo ni zito."

Watu wa Tolliver walilalamika mpaka jimbo likamtuma mhandisi kijana, Dwight Feeney, mwenye shingo nyembamba na viatu visivyojua matope. Akalaza mpira mweusi, mrefu kama nyoka, kukatiza barabara ya vumbi inayoshuka kutoka milimani na kupita mbele ya mgahawa. Mwisho wa mpira akafunga sanduku la chuma kwa mnyororo.

"Mpira ukikanyagwa, sanduku linahesabu, na linaandika saa," aliwaeleza. "Nitarudi vuli ikiisha. Magari yakiwa ya kutosha, mtapata njia ya kutokea. Yasipotosha, msinilaumu."

Alipotimka tu, Orrin akapanda juu ya stuli ya mgahawa na kuhutubia. Kuanzia leo, alisema, kila mwenye gari aje kunywa kahawa, arudi nyumbani, akumbuke kuwa amesahau kofia, aifuate.

"Kidogo tu, shemeji," alisema Ardith. "Sukari ikizidi, pai hailiki."

Wakafanya kwa adabu. Beulah Yoakum, mwalimu ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva wa basi la shule, akawa anakuja kununua sukari, anarudi kwake, kisha anagundua kuwa na chumvi imekwisha. Wazee waliozoea kuja Jumamosi wakaanza kuja kila siku, na kahawa ikawanyima usingizi. Wote wakipishana pale kwenye mpira walikuwa wakiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yetu, lakini vuli ile salamu ilikuwa na kicheko ndani yake. Uongo wao ulikuwa mdogo, wa kimo cha kuaminika. Kama mambo yangeishia hapo, huenda Tolliver ingepata kinjia chembamba cha kutokea, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Tatizo ni kwamba ilikuwa vuli.

Kila vuli, kabla theluji haijafunga milima, wafugaji huteremsha ng'ombe kutoka malisho ya juu kuja bondeni. Na huwateremshia wapi? Barabara ni moja. Makundi ya Orrin yakashuka, ya majirani zake yakafuata, siku baada ya siku, vumbi juu, mbwa nyuma, Orrin juu ya farasi akipiga miluzi. Ardith alisimama dirishani na kuinua kikombe chake kumsalimu shemeji, kama alivyofanya kila mwaka tangu aolewe. Kwato zikaukanyaga mpira mweusi kama mvua inavyopiga bati, na hakuna aliyeona neno. Mgeni yeyote angeliona papo hapo. Lakini ng'ombe barabarani, kwetu sisi, ni kama mawingu juu: yapo, yanapita, nani atayataja?

Bwana Feeney alirudi na theluji ya kwanza. Akafungua sanduku, akalisoma, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akaingia mgahawani na kukaa bila kuvua kofia.

"Mama Pruett," alisema, "hapa jirani kuna kiwanda?"

"Kiwanda cha nini, mwanangu?"

"Chochote. Maana kuna siku, baada ya chakula cha mchana, magari yanafurika hapa kuliko Denver! Yanafuatana mkia kwa pua. Halafu kimya. Kesho yake tena."

Ardith alikuwa anammiminia kahawa. Kahawa ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza safari ya kuelekea kwenye suruali ya Bwana Feeney. Baada ya chakula cha mchana ndiyo saa ambayo ng'ombe hufika mgahawani. Alimtazama Orrin kwenye stuli ya pembeni, na akaona kwamba na Orrin ameelewa, kwa sababu masharubu yalikuwa yanatetemeka.

"Ni ibada," alisema Orrin.

"Ibada?"

"Ya vuli. Watu wanashuka kutoka milimani. Huku tuna dini sana, bwana mhandisi."

"Mbona sikuona kanisa?"

"Tunaabudu nje."

"Shemeji," alisema Ardith, "kunywa kahawa yako, funga na mdomo."

Angeweza kusema kweli pale pale, huku akimpangusa kijana wa watu suruali. Alifungua kinywa. Kisha akatazama nje, akaiona ile barabara ya zamani iliyomlisha, akauona na waya utakaokuja kumfungia. Akamuuliza kama atakula pai.

Majira ya kuchipua, jimbo likaita mkutano ukumbini mwa shule. Tolliver nzima ilikuwapo, na ukumbi ulibaki nusu mtupu. Bwana Feeney akatundika mchoro ukutani, mwenyewe akitabasamu kama baba harusi. Tolliver imepata njia ya kutokea, alisema, tena si njia, ni njia! Kwa wingi ule wa magari, jimbo limeamua kujenga daraja pana na mizunguko minne mikubwa, kila mmoja kama jani, mfano wa ile iliyoko kwenye majiji.

Watu wakapiga makofi. Ardith hakupiga. Alikuwa amesogea mbele na miwani yake, anatafuta kitu kwenye mchoro. Alipokipata, akaweka kidole.

"Hili jani la hapa limekaa juu ya nini?"

Bwana Feeney akainama. Tabasamu likafutika. "Juu ya… mgahawa wako, mama. Lakini serikali itakulipa mbao na kiwanja, usiwe na wasiwasi."

Makofi yakakatika. Orrin akaanza kuzungusha kofia yake mapajani.

Ardith aligeuka kuutazama ukumbi. Neno moja tu lingetosha: ng'ombe. Aseme ng'ombe, na mizunguko yote minne ifutwe, jiko lake lisimame pale pale Clell alipoliweka. Lakini na njia ya kutokea ingefutwa. Mstari wa mbele alikaa Beulah Yoakum, mikono imefumbatwa. Kila mtu alijua kwamba bila njia ile na daraja lake, waya ungeikata barabara na basi la shule lingelazimika kuzunguka vilima vyote, watoto wapandishwe wakiwa bado wamelala na warudishwe wamelala tena. Beulah hakumwomba kitu. Alitazama sakafu tu, na hilo ndilo lililomuuma Ardith zaidi.

"Bwana Feeney," alisema hatimaye, "na upande huu mwingine, karibu na jani la mashariki, mahali hapa patupu, mna mpango napo?"

"Hapana, mama. Hapo hatupagusi. Ni shamba la mtu."

"La nani?"

Bwana Feeney akasoma. "La O. Pruett."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Orrin. Kofia ikaacha kuzunguka.

"Shemeji," alisema Ardith, kwa upole ambao Orrin alikuwa hajawahi kuusikia kwake, na ukamtisha, "umesikia?"

"Lakini hilo si ndilo lile la majani mazuri?"

"Ndilo hilo hilo."

"Ng'ombe wangu watakula nini?"

Ardith akamsogelea, akamwinamia sikioni, lakini mstari wa mbele wote ulisikia. "Si wanajua kuendesha magari? Waende Carver wakanunue."

Beulah alipatwa na kikohozi kilichomlazimu kutoka nje. Orrin aliwatazama majirani mmoja mmoja akitafuta mtetezi, akakuta wote wanasoma dari. Ibada ilikuwa yake, ng'ombe walikuwa wake.

"Kona tu," alisema.

"Kona kubwa," alisema Ardith.

"Haya. Kona kubwa. Clell aliniachia balaa."

"Na wewe ndiye utakayeuvuta mgahawa."

Kuhamisha nyumba, kwetu, si muujiza. Mbao ni adimu na nafasi ni bure, kwa hiyo mtu akichoka mahali hubeba nyumba yake kama konokono. Shule yenyewe imehama mara mbili. Wakaunyanyua mgahawa ule kwa jeki, wakapitisha magogo marefu chini yake, wakaufunga kwenye matrekta, na la mbele kabisa likaendeshwa na Orrin. Ardith alikataa kushuka. Alikaa ndani, jiko linawaka, na watu waliotembea kandokando walikuwa wakinyoosha vikombe dirishani kujaziwa. Kahawa ilimwagika sana. Pai haikupasuka hata moja, na anayebisha hakuwapo.

Walipofika, Orrin akataka mlango uelekee magharibi, kwenye barabara kuu, ili wateja wauone.

"Ukitazama magharibi unakotoka upepo," alisema Ardith, "nitauza kahawa kwa upepo. Geuza."

"Nimevuta tangu asubuhi!"

"Clell aliuelekeza mashariki. Geuza, shemeji."

Akageuza.

Barabara kuu ikafunguliwa. Mizunguko yetu ile minne ipo mpaka leo, mizuri, mipana, na nyasi katikati, na swala hulala humo kwa raha zao. Wasafiri wakiiona kwa mbali hudhani wanafika jiji kubwa. Hutoka, huzunguka, hukuta mgahawa mmoja na farasi mmoja. Wengine hukasirika. Wakishakula huacha kukasirika.

Vuli moja, barabara ikiwa bado mpya, Bwana Feeney alikuwa akipita akakata kona kuja kula. Alikuwa amenenepa kidogo na viatu vyake vilikuwa vimejifunza matope. Alikaa karibu na dirisha. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana.

Kwanza likaja vumbi, kisha sauti kama mvua juu ya bati. Ng'ombe wa Orrin wakatokea chini ya lile daraja pana, mkia kwa pua, wakapita mbele ya dirisha, wakazidi kupita. Bwana Feeney aliweka uma chini. Aliwatazama ng'ombe. Akalitazama daraja. Akawatazama ng'ombe tena, kwa muda mrefu, na rangi ikampanda kutoka kwenye ukosi wa shati mpaka masikioni.

"Mama Pruett," alisema, "hawa hupita hapa kila mwaka?"

"Kila mwaka. Tangu mimi sijaolewa."

"Saa hizi?"

"Saa hizi hizi."

Ardith alisimama na birika mkononi, kwa maana mtu yule angeweza bado kwenda ofisini kwake na kusema mengi.

"Na hawa," aliuliza Bwana Feeney, "nao wanakwenda ibadani?"

 Ardith alikwenda jikoni, akamkatia kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, akakiweka mbele yake. Nje, Orrin alipita juu ya farasi nyuma ya kundi, akamwona mhandisi dirishani, akashtuka nusura aanguke. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akainua kidole kimoja.

Bwana Feeney, mdomo umejaa pai, akainua cha kwake.