Futi Iliyobaki Ng'ambo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu ya msemo wake mmoja: nguo iliyoachiwa pindo haijaharibika. Alimwambia hivyo kila aliyemletea sketi iliyopanda au suruali iliyogoma kufunga, na baada ya miaka thelathini na moja ya ushonaji msemo ukawa jina. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye meza moja, cherehani mbili, pasi ya mkaa aliyokataa katakata kuistaafisha, na dirisha la kutazama barabarani ambalo wifi yake alilitumia kuliko yeye. Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuja wakati wa msiba akisema atakaa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Mama Pindo alizaa wavulana wawili. Walikua, wakaoa, wakahamia mbali. Hawakuwa watoto wabaya. Walipiga simu, wakauliza hali, wakasema wana haraka.

Kanisa lake lilikuwa na utaratibu wa kupeleka kundi la waumini kila mwaka nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka, kwenye makazi ya watu ambao ukame ulikuwa umewamalizia mifugo na mashamba. Mchungaji alihubiri, daktari alitibu, Mama Pindo alifundisha wanawake kushona. Safari ya kwanza alikwenda akijiona mtu mkubwa kidogo, tusimfichie. Ukisafiri na masanduku yaliyoandikwa MSAADA ubavuni, kichwa lazima kivimbe. Kilinywea siku ya pili, alipokuta wanawake kumi na wawili chini ya turubai, cherehani tatu, na lugha ambayo hakujua hata salamu yake. Mkalimani alikuwa mmoja, na daktari alimng'ang'ania. Basi akafundisha kwa mikono, kwa chaki na kwa namba, maana namba walikuwa wakizisoma sawa. Alijigeuza sanamu ya dukani: walijifunza kupima kwa kumpima yeye, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, wakaandika madaftarini, na walipofika nyonga wakaangua kicheko naye akacheka nao.

Miongoni mwao alikuwamo mmoja wa umri wa kuwa binti yake, mama wa watoto wawili, ambaye hata kwa lugha yake mwenyewe hakuwa msemaji. Mama Pindo alimpa jina la Kimya. Mshono ukimpinda, Kimya aliufumua kabla ya kuambiwa. Mchana wenzake walipokwenda kupumzika yeye alibaki, akavuta kigoda karibu na mwalimu wake, wakashona wawili hao hadi jua likapungua. Na Mama Pindo, ambaye nyumbani hakusifika kwa kunyamaza, alihisi kwamba hajawahi kuelewana na mtu kiasi hicho. Alirudi mwaka wa pili kwa ajili ya kazi ya Bwana na kwa ajili ya Kimya, na wa tatu pia. Sababu ipi ilikuwa ya kwanza, hakupenda kujiuliza.

Mwaka huo wa tatu, siku ya kuagana, futi za kufundishia, zile tepe za kupimia, zilikusanywa, zikahesabiwa, zikarudi sandukuni. Kimya alikuwa amepata kazi yake ya kwanza: shule mpya ya pale ilimwagiza sare za watoto wote. Gari likiwa limeshawashwa, Mama Pindo alivua shingoni futi yake mwenyewe, ile aliyoivaa miaka nenda miaka rudi, akamvisha Kimya. Alilia njiani mpaka mchungaji akamwazima leso, na leso yenyewe mpaka leo haijarudi kwa mwenyewe.

Balaa lilijitokeza wiki mbili baadaye. Alikuwa amenunua futi mpya na kumshonea mwalimu wa kwaya gauni la harusi ya mdogo wake. Mwalimu alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akashika kitambaa kilichobaki ubavuni.

"Fundi," alisema taratibu, "naomba unitambulishe kwa mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Huyu ninayeshirikiana naye gauni."

Mama Pindo alicheka, akapima upya, akapiga hesabu upya, kisha akakaa chini. Futi yake ya zamani iliungua ncha kwa pasi miaka mingi nyuma, naye akakata inchi mbili za mwanzo ili ikae vizuri. Tangu hapo ilianzia kwenye mbili. Akipima mwili alitoa mbili. Akipima kitambaa aliongeza mbili. Mkono ulizoea, akili ikasahau. Sasa mkono uleule ulikuwa umetoa na kuongeza kwenye futi nzima, na gauni likapata mtu wa pili. Hilo lingerekebishika. Lakini futi mbovu ilikuwa ng'ambo, shingoni mwa mtu aliyefundishwa kuamini namba.

Alichukua chaki akaandika juu ya meza. Mtoto wa kiuno ishirini na sita, futi ile itasema ishirini na nane. Kimya atagawa kwa nne, kwa vile vipande vinne vya nguo, apate saba. Atapima saba kwenye kitambaa, na saba ya futi ile ni tano. Tano mara nne, ishirini. Sare itabana kwa inchi sita, na huenda kitambaa cha shule nzima kimeshakatwa.

"Hapo hakuna pindo la kuokoa kitu," alimwambia wifi. "Nimemharibia. Watasema hajui kazi, na mimi ndiye niliyemvisha kosa kwa mikono yangu."

Aliandika barua, akachora futi na pengo lake, akampa katibu wa kamati ya safari aitume. Jibu halikuja. Mwaka uliofuata mafuriko yaliondoka na daraja na safari ikafutwa. Mwaka wa pili tangu kuagana, kamati ilitangaza kwamba watu wa kule wameomba zahanati yao iezekwe, na kila atakayekwenda awe mtu wa kupanda juu ya paa. Mama Pindo alimfuata katibu ofisini, kwenye kile chumba kilichojaa viti vibovu vya kanisa.

"Mama yangu, mwaka huu ni bati," katibu alisema.

"Nitapika."

"Wapishi tunao. Na daktari ameniambia sukari yako haijatulia. Ukizidiwa kule, tutafanya nini?"

"Mtanizika. Ardhi si ni ya Mungu kotekote?"

Katibu alitazama karatasi zake. Hakuwa mtu mkatili; alimsindikiza hadi mlangoni, lakini jina lake hakuliandika.

Nyumbani wifi alikuwa dirishani. "Futi unaweza kumpa mtu akakupelekea," alisema bila kugeuka. "Tatizo lako si futi, wifi yangu. Wewe una hamu na mtu."

Ilikuwa kweli. Hamu ya Mama Pindo kwa Kimya ilizidi hamu yake kwa wanawe, na jambo hilo lilimtia haya mbele ya Mungu na mbele ya simu. Mchana, watu wakiwa mapumzikoni, alijikuta akisogeza kigoda kando ya cherehani, kisha akikirudisha. Aliomba sare zile zisiwe zimeharibika, na baada ya amina alibaki amepiga magoti akiomba jambo jingine ambalo hakulitaja.

Alinunua futi nyingine mpya akamkabidhi fundi bati wa kundi lile, akamwapisha kama shahidi mahakamani kwamba ataitia mkononi mwa Kimya na si kwa mtu mwingine. Majuma matatu hakulala vizuri. Siku waliyorudi fundi bati alikuja moja kwa moja, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu, na mfuko kwapani.

"Nimempa," alisema. "Akacheka."

"Akacheka nini?"

"Akanionyesha ile ya zamani. Ameiunga kipande cha kitambaa mwanzoni, inchi mbili, kazichora kwa wino. Mkalimani anasema sare ya kwanza ilikwama kifuani kwa mtoto. Akaifumua, akakaa na futi na rula ya shule siku nzima, mpaka akalijua kosa."

"Kitambaa kingine?"

"Hajaharibu zaidi ya hiyo moja. Shule nzima imevaa. Sasa anafundisha wengine wanane."

"Hakunilaumu?"

"Amesema hivi: kama futi ilikuwa vile na nguo zako zilikuwa zinakaa, basi ulikuwa fundi kuliko alivyodhani."

Mama Pindo alifunika uso. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimwachia mikono mitupu. Miaka miwili alikuwa na kosa la kwenda kurekebisha. Sasa kule hakukuwa na chochote kilichomngoja, na katibu asingekuwa na haja hata ya kutafuta maneno ya kumkatalia.

Fundi bati alimwachia mfuko, akasema umetoka kwa Kimya, akaondoka; Mama Pindo akaufungua. Ndani mlikuwa na gauni la bluu, mishono imelala vizuri, vifungo vimekazwa kwa uzi wa mara mbili. Alilivaa palepale juu ya sketi yake. Likamwagika. Mabega yalishuka, kiuno kikacheza, ubavuni angeweza kukunja kitambaa cha upana wa kiganja kizima.

"Mwanafunzi wako naye kaongeza kupita kiasi," wifi alisema.

Mama Pindo naye alidhani hivyo. Alilivua, akalitandaza mezani, akalipima kwa futi nzima, akitafuta kosa kwa roho nzito. Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Nyonga, ile namba waliyoichekea. Hapakuwa na kosa hata la uzi. Kimya alikuwa amemshonea mtu aliyemwona mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, kwa namba za daftarini, akiamini kwamba bado yuko hivyo.

Wifi alisogea kutoka dirishani, akaitazama futi, kisha akamtazama yeye, mikono yake iliyokonda na shingo yake.

"Umepungua, wifi," alisema.

"Nimepungua."

"Basi lipunguze. Kwako wewe si kazi ya saa moja? Ulivae Jumapili."

Mama Pindo alilikunja gauni, mkono kwa mkono, akalirudisha kwenye mfuko wake.

"Sitaligusa," alisema. "Hili atalipunguza mwenyewe, nikiwa nimelivaa, amesimama mbele yangu."