Siku Moja Nchi Kavu na Mama Salma

Nilisafiri kwa sababu mke wangu alichoka kusubiri. Tuna miaka kumi na miwili hapa Guangzhou, mimi nikinunua viatu kwenye soko la Zhanxi na kuvipeleka Dar es Salaam, na kila mwaka Mama Salma akiniomba mapumziko ya baharini. Jibu langu lilikuwa moja: "Kontena hili likiondoka, tutakwenda." Makontena yaliondoka, sisi tukabaki. Mwaka huu alikata mwenyewe tiketi za meli ya matembezi katika Bahari ya Mediterania, akanipa habari nikiwa nimeshika kiatu.

Asubuhi ya siku ya nne meli ilitushusha kwenye kimji kimoja cha Italia. Nyumba za manjano na waridi zilipandana mlimani, na juu yake mashamba ya malimau. Nilisema pazuri, kisha nikauliza kule juu mizigo wanaipandishaje.

"Baba Salma, leo hakuna mizigo."

Nikaapa. Kabla ya adhuhuri tulipita duka la kandambili, nikageuza moja tu kutazama soli. Soli niliijua, ilitoka Zhanxi, lakini nilinyamaza, na nikajipongeza sana.

Saa nane mchana tulifika gatini. Boti ya mwisho ilikuwa inakwenda kwenye pango ambalo maji yake yanang'aa buluu. Picha ya pango hilo ilikuwa kwenye simu ya Mama Salma tangu mwaka juzi. Vilibaki viti viwili. Mzee mwenye boti akataja bei.

"Tai gui, laoban!" nikaropoka kwa Kichina, yaani ghali mno, bosi, kama ninavyowaambia mabosi wa Zhanxi wakizidisha bei. Kisha, kwa Kiingereza, nikataja nusu.

"Bei ni hiyo hiyo," akajibu, bila hata kukasirika.

Asiyewahi kununua Zhanxi ajue kwamba kule bei hushushwa kwa mgongo. Unaweka kiatu chini, unaondoka, na ukifika hatua ya saba muuzaji anakuita.

"Twende," nikamnong'oneza mke wangu. "Atatuita."

"Na asipoita?"

"Ataita tu."

Nikaenda. Hatua ya saba, kimya. Ya kumi na tano, kimya. Ya ishirini nikapunguza mwendo, nimsaidie mzee wa watu. Nikasikia injini. Nilipogeuka boti ilikuwa imeshaondoka, na Mama Salma amekaa mbele kabisa na jaketi lake la kujiokolea. Kiti changu alikikalia mtalii mmoja Mjerumani. Mke wangu alinipungia mkono mara moja, halafu akatazama mbele.

Nilikaa gatini saa moja na nusu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona wivu, kwa sababu hakugeuka tena.

Alirudi mtandio umelowa, macho yanacheka. "Pango likoje?" nikauliza.

"Ungekuja," akasema.

Tumesharudi Guangzhou. Jirani yetu alipotazama picha aliuliza, "Na shemeji yuko wapi?"

"Yuko gatini," akajibu Mama Salma, "anangoja kuitwa."

Walicheka, nikacheka nao, lakini iliniuma. Jioni ile nikakata tiketi mbili za meli ya mwakani, kwa bei ile ile iliyoandikwa, nikamwonyesha kwenye simu. Akazitazama, akasema atafikiria, akaniwekea simu mezani na kuelekea jikoni.

Hatua ya tatu, nikamwita.