Picha Mbichi za Binti Yangu

Mimi ndiye niliyesema zifutwe. Naanza na hilo ili mtu asipoteze wakati kutafuta wa kulaumu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kosa langu najua kuliandika.

Mjukuu wangu anapiga picha hapa Lodwar: harusi, ubatizo, watu wa pasipoti. Mama yake, binti yangu, hakupenda kupigwa picha. Simu yake ilikuwa ya vibonye, haina kamera. Kwa hiyo ile Jumapili asubuhi alipokubali kukaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mjukuu alimpiga saba harakaharaka kabla hajabadilisha mawazo. Nilikuwa hapo. Halafu tukaenda Lopur kwenye ubatizo wa watoto, na katikati ya ibada mjukuu akaninong'oneza.

"Ata, kadi imejaa."

Ata ni bibi kwa lugha yetu. Akanieleza kwamba kamera yake mpya inaweka kila picha mara mbili. Moja ni kubwa sana, wanaiita mbichi, kwa sababu kamera haijaipika. Ukiwa na kompyuta unaipika mwenyewe unavyotaka. Nyingine ni ndogo, imeshaiva, simu yoyote inaifungua.

"Nifute zipi?"

"Ukame ukija unauza nini kwanza?"

"Vitoto vya kiume."

"Na mama mbuzi?"

"Anabaki."

"Sasa unaniuliza nini? Futa ndogo."

Akafuta ndogo zote, pamoja na za mama yake. Mimi nikaendelea kuimba. Nilijiona nimesaidia.

Mwezi haukuisha binti yangu akashikwa na homa. Tulikuwa tunamvusha laga, ule mto wa msimu, kumpeleka hospitali, mchanga mkavu kabisa, hapa kwetu hakuna hata wingu, na maji yakashuka ghafla kutoka milimani. Mjukuu alimshika mama yake kwa mikono miwili. Mfuko wa kamera ukaenda na maji. Kwa hilo sijawahi kumwambia neno, na sitamwambia. Siku ya tatu binti yangu akafa.

Kadi ile iliyojaa ilikuwa imebaki nyumbani, ndani ya kopo langu la tumbaku, mahali ninapoweka sindano na funguo. Kitambulisho chake tulikirudisha ofisini tulipokwenda kuchukua cheti cha kifo. Nilimwambia yule karani atuachie kile kipande chenye uso. Akasema sheria hairuhusu. Basi uso wa binti yangu ukawa uko mahali pamoja tu duniani, kwenye kitu kidogo kama ukucha, kinanuka tumbaku.

Tulikipeleka kwa kijana mwenye duka la kompyuta, yule ambaye kwake mjukuu alikuwa akitengenezea picha zake.

"Ejok, Ata," akanisalimia, akachomeka kadi. Zikatokea saba kwenye kioo, zimejipanga, zote za kijivu.

"Mbona hakuna mtu?"

"Yumo, Ata. Lakini programu yangu haiijui hii kamera. Kamera ni ya juzi, programu ni ya zamani."

"Mimi nikikuta mbuzi amekatwa sikio kwa alama nisiyoijua, bado naona ni mbuzi."

"Wewe ni wewe. Hii ikikosa kujua alama, haioni hata kwato."

"Basi ifundishe."

Akacheka. Mimi sikucheka, naye akaacha. Akajaribu kuleta programu mpya. Hiyo mpya ndiyo inaijua kamera, lakini ikakataa kukaa kwenye kompyuta yake, ikasema kompyuta imezeeka. Ya zamani inakubali kompyuta, haijui kamera. Tukasimama hapo katikati. Tuliporudi mara ya pili alikuwa ameongeza kitu fulani kwenye ile ya zamani, vitufe vyote vimehama, na yeye mwenyewe anatafuta pa kubonyeza kama mgeni sokoni. Zile saba zikabaki za kijivu. Mara ya tatu kompyuta haikuwaka kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kumpoteza mara ya pili.

Binti yangu alikuwa na kovu kwenye nyusi, alianguka kisimani akiwa mdogo. Siku moja nikilitaja nikasema nyusi ya kushoto.

"Ya kulia, Ata," mjukuu akasema.

"Nilimzaa mimi. Unanifundisha?"

"Na mimi nimemtazama kila siku ya maisha yangu."

Nilikwenda kwa mbuzi, nikakaa, nikafumba macho nimtafute. Uso ulikuja bila mdomo. Siku nyingine ukaja na mdomo wa dada yangu. Nikimweka kovu kushoto anakaa sawa, nikimweka kulia anakaa sawa. Mama gani huyo? Mbuzi wangu nawajua wote kwa mikwaruzo yao, hata waliokufa zamani. Sikulia. Nilifoka. Nilimfokea mjukuu, nikamfokea mwenye duka, na Jumapili nikamfokea Mungu kanisani kwa sauti, hadi mchungaji akanyamaza akingoja nimalize.

Mjukuu ndiye aliyesikia kwamba Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, yuko Mkongo mmoja mzee mwenye studio. Tukaenda. Nilishika kopo mkononi njia yote.

Yule mzee alinikalisha kwanza, akanipa maji. Alikuwa na kompyuta mbovu kuliko ile ya Lodwar. Nikasimama.

"Twende. Huyu naye hana."

"Maman, kaa," akasema. "Ile programu mpya sina, ni kweli. Lakini nani alikudanganya ile picha kubwa iko peke yake? Iko na katoto ndani ya tumbo."

"Nini?"

"Kamera, pale inapiga picha mbichi, inachoraka katoto kamoja, inakaficha ndani. Ndiyo ile ulikuwa unaona kwa kioo cha nyuma ya kamera. Kale katoto hakahitaji programu ya bei. Kanahitaji mtu wa kukatoa."

Mjukuu akafunika uso kwa mikono. Mimi nikakaa.

Alikuwa na kiprogramu kidogo, hata rangi hakina. Akaandika maneno, akangoja. Ya kwanza ikatoka, ameinamisha kichwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, mkono uko mdomoni. Ya tano macho yamefumbwa. Ya sita ikatoka, na binti yangu akanitazama.

Kovu lilikuwa kulia.

Mjukuu akanisogezea kiti karibu na kioo. Angeweza kunikumbusha.

"Ikuze," nikamwambia mzee.

"Ikikua zaidi ya hapa inavunjika, Maman, inakuwa vijisanduku. Hii ni ya ukubwa wa kiganja. Ile kubwa itafunguka siku utapata kompyuta mpya. Chunga kadi."

Akaichapa ya kiganja. Nilipoishika ndipo nikaona kitu pembeni, juu, nikadhani ni uchafu wa karatasi. Nikausugua na kidole, haukutoka. Mjukuu akasogea.

"Ni kidole chako, Ata. Ulikuwa unamgombeza."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mjukuu, nimenyoosha kidole juu ya bega lake hadi mbele ya kamera, namwambia kaa vizuri, wewe mwanamke mzima umejikunja kama mgonjwa. Ndiyo maana kwenye picha hiyo ana uso wazi. Hakuwa anatazama kamera. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimalize.

Picha nimeiweka ndani ya Biblia. Kadi imerudi kwenye kopo. Kila nikiitoa ile picha naziba pembe ile ya juu kwa kidole gumba, na bado najua kile kidole kingine kiko pale.