Folda Tupu ya Bi Ungo

Jumanne saa nne asubuhi Bi Ungo alifungua folda ya picha kwenye kompyuta ya ghala la mbegu, akakuta hamna kitu. Alikuwa amepiga picha masinia sitini na moja ya maharage, na kila mara kioo kilimwandikia: Imehifadhiwa.

"Imehifadhiwa wapi?" akaiuliza kompyuta. "Mfukoni mwako?"

Nilikuwa nimepanga chumba kwake, na siku hizo nilikuwa namsindikiza kazini. Nimeona watu wakigombana na mashine kwa lugha nyingi, ila yeye ndiye wa kwanza niliyemwona akiisuta.

Amekagua mbegu miaka ishirini na sita, jina la utani limetoka humo. Zamani alikuwa anamwaga kiganja cha maharage, anapitisha macho mara moja, anakutajia mabovu ni mangapi. Sasa jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto hutoa machozi likikaziwa. Kwa hiyo mkwewe, mume wa binti yake, alipomtengenezea programu ya kusoma picha na kuzungushia duara mbegu mbovu, aliipokea kwa mikono miwili. Msimamizi wa ghala alimpa mpaka Ijumaa: magunia mia yawe yamesomwa, la sivyo meza yake itapewa mtu mwingine, yeye akakae getini kukagua vibali vya malori.

Mkwe alifika mchana, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Programu yako inasema uongo."

Bi Ungo akampisha. Kijana wa watu akakaa ukingoni mwa kiti, akapiga picha moja, akaipa jina "jaribio", akaihifadhi, akaifungua. Maharage yakatokea, safi kabisa.

"Mbona inafanya kazi, mama."

"Kwako. Kwangu je?"

"Labda ulibonyeza haraka kidogo."

"Nimebonyeza taratibu kama namlisha mgonjwa."

Mkwe akainamisha kichwa, akaaga. Kusimama nyuma ya mama mkwe na kumchungulia anavyoandika aliona ni kukosa adabu.

Jumatano Bi Ungo akapiga picha nyingine arobaini. Imehifadhiwa, Imehifadhiwa, Imehifadhiwa. Folda tupu. Akaupiga mgongo wa kompyuta kofi moja, kisha akachukua simu.

"Kesho uje, na safari hii ukae hapa mpaka uone ninachokiona mimi."

Alhamisi akaja, akakaa. Bi Ungo akaweka sinia chini ya kamera, na programu ilipomwomba jina la picha, akaandika kama ilivyo kwenye lebo ya gunia: 47/B/3. Mkwe akakohoa.

"Mama, huo mstari wa mshazari."

"Una nini?"

"Kompyuta ikiuona inadhani unaitajia folda. Inatafuta folda ya arobaini na saba, ndani yake folda ya B. Hazipo. Basi picha haiandikwi popote."

"Na haisemi?"

"Haisemi."

"Halafu inaniambia imehifadhiwa."

"Hilo neno niliweka mimi, mama. Sikuiagiza ihakikishe kwanza."

Bi Ungo akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake la kazi. "Lebo zote za ghala hili zimeandikwa hivi. Daftari langu liko juu ya meza unapokula kila Jumapili. Hujaliona?"

"Nimeliona."

"Ungeuliza."

"Niliona aibu."

"Aibu yako imekula picha mia na moja."

Akamwambia abadilishe programu, maana magunia hayaandikwi upya. Mkwe akairekebisha pale pale: mkaguzi aandike lebo kama kawaida, programu yenyewe iweke kistari badala ya mshazari kwenye jina la faili, na baada ya kuhifadhi iifungue picha tena kabla ya kutamka lolote. Picha zilizopotea hazikuwa na mahali pa kutafutwa. Ikabidi magunia yote yafunguliwe upya. Bi Ungo alipiga picha mpaka mlinzi akatikisa funguo, akarudi asubuhi geti halijafunguliwa.

Ijumaa saa sita msimamizi akakuta magunia mia tayari, na mkwe amesimama kando ya meza. Akachanganya mwenyewe maharage manne yaliyooza kwenye sinia. Programu ikapiga picha, ikahifadhi, ikaisoma, ikachora maduara manne ya bluu.

"Si mlisema mekundu?"

"Mpangilio wa rangi, mzee," mkwe akaanza, "picha ikifunguliwa, nyekundu na bluu hubadilishana nafasi, sasa..."

"Nyamaza baba," Bi Ungo akamkata. "Mzee, hesabu."

Msimamizi akahesabu manne. Akasema meza ibaki ilipo, akaondoka.

Kwenye sinia lililofuata diski ikajaa. Kioo kikaandika: Samahani mama, picha haikuhifadhiwa.

Bi Ungo akasogeza uso karibu, akasoma mara mbili.

"Kumbe mdomo unao," akaiambia, na kumwita mkwe aliyekuwa ameshafika mlangoni.