Kikao cha Mlenda

Baada ya mavuno, ukoo wa mume wake ulimwita Evodia kikaoni kwa kosa la kupika mlenda.

Mume wake, Hezekia, ni dalali wa ng'ombe mnadani Mtinko. Kwa miaka mingi alikula nyama choma na wenzake kila mnada, na nyumbani akikuta mboga za majani alisukuma bakuli: "Mimi si mbuzi." Nyama ikipikwa, minofu ilikuwa yake, watoto walichovya mchuzi. Kisha kidole gumba cha mguu kikavimba, kikawa chekundu. Hata shuka likikigusa, alipiga kelele. Daktari mjini alimpa dawa, akasema ni gauti, apunguze sana nyama na pombe.

Evodia akaanza kumpikia ugali wa uwele kwa mlenda, mboga ya majani inayoteleza, na maziwa ya mgando. Nyama ikawa ya Jumapili, kipande kidogo kidogo, sawa kwa wote. Mguu ukaanza kupoa. Ndipo wifi yake, Winfrida, alipoleta paja zima la mbuzi wa kuchoma, na Hezekia akalimaliza. Siku iliyofuata alitambaa kwenda chooni. Winfrida alipomwona hivyo, alitangaza kwamba kaka yake anakufa kwa njaa.

Kikaoni aliyeanza ni baba mdogo wa Hezekia, Mzee Paskali.

"Mkamwana, mtu ana ng'ombe zizini, wewe unamlisha majani. Una nia gani naye?"

"Shikamoo baba," Evodia alisema, kwa sababu adabu ni adabu. "Majani hayo watoto wangu wamekula tangu wazaliwe. Mimi nimeyala nina mimba, na jembe mkononi. Hamkuita kikao. Leo yamefika kwa Hezekia ndiyo yamekuwa sumu?"

"Usitupandishie sauti!" Winfrida alidakia.

"Wifi, paja la mbuzi lilimfanya atambae. Nani alileta?"

Evodia akamgeukia mume wake. "Baba Noel, waambie daktari alisema nini."

Hezekia aliinamia mguu wake. Hapo ndipo Evodia alipoinuka na kuondoka bila kuruhusiwa.

Nyumbani alimwambia, "Mlenda upo mezani. Ukitaka nyama, nenda kwa dada yako." Hezekia alikula mlenda. Akaendelea kuula, na miezi michache baadaye akarudi mnadani akitembea bila mkongojo.

Evodia alikuwa akiuza vitunguu hatua chache kutoka alipokaa mumewe, akasikia madalali wakimuuliza amepona vipi.

"Ni msimamo tu," Hezekia alijibu kwa sauti kubwa. "Mwanaume akiamua, ameamua."

Evodia aliacha vitunguu, akaenda kusimama mbele yake.

"Nani aliamua?"

Madalali waliangua kicheko. Hezekia alikohoa, akajifanya anaita mteja. Tangu siku hiyo hajatamka tena habari ya msimamo mbele ya mke wake. Asante nayo bado hajaitoa.