Jinsi ERP ilivyouza mahindi ya watu hapa Sumbawanga, na kwa nini ya kwenu inaweza kufeli vilevile

Wakuu, kwema humu? Nawapa kisa nilichokuwa ndani yake, beji ya kampuni shingoni. Sijaongeza chumvi. Jina la kampuni mniachie, wenyewe bado tunapishana nao mitaani.

Nimeona jamaa anauliza ERP gani inafaa kwa kampuni yake. Mkuu, kabla hujauliza ipi, soma hapa kwanza.

Kwa wasiojua, ERP ni mfumo wa kompyuta unaounganisha kila kitu cha kampuni: ghala, mauzo, mishahara, uhasibu. Wote mnaona kitu kilekile kwenye skrini. Kwenye demo ni raha tupu.

Sisi tulikuwa na mashine za kusaga na ghala kubwa la mahindi, tukinunua na kuuza. Mzee mwenye mali hajui hata kufungua email, lakini watu walimwamini kupita benki. Ukivuna, unaleta magunia yako kwake, unafunga kipande cha kanga yako kwenye mdomo wa kila gunia, unaondoka. Maana ukiyaweka nyumbani, wadudu na wezi watakumaliza. Unga ukikata unakuja, unatoa gunia lako, unasaga hapohapo, unalipia kusaga tu.

Kanga yako ndiyo risiti. Sikuwahi kusikia mtu amepotelewa.

Mzee akaanza kuugua miguu, akamwachia mwanae usimamizi. Tulimwita Bosi Mdogo. Si mtu mbaya, tuwe wakweli, ila alikuwa na haraka ya kuonekana. Akaleta mfumo, na consultant wa kutoka Dar. Mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha wenzangu kuutumia.

Hapa ndipo pananiuma, wakuu. Vikao vya kupanga mfumo vilifanyikia hotelini, chai na sambusa, mameneja watupu. Mtu wa ghala hata mmoja hakuitwa. Na wenyeji waliokuwemo hawakutaja mahindi ya watu, kwa sababu kwetu ni jambo la wazi mno. Nani anakaa kikaoni kueleza kwamba gunia lenye kanga ya mama fulani ni la mama fulani?

Mfumo ukataka magunia ya ujazo mmoja, yenye stika. Basi yakafunguliwa yote, yakamwagwa, yakapakiwa upya. Vipande vya kanga vikarundikwa nyuma ya ghala vikachomwa moto.

Watu wa ghala wakauliza, sasa haya ya watu tunayaingiza wapi? Skrini ilikuwa na sehemu moja tu, ya mahindi yaliyonunuliwa. Consultant akajibu tuyaingize humo kwanza, ya watu yatatengenezewa sehemu yake kwenye phase two.

Phase two! Mkisikia hilo neno, kimbieni.

Baadaye nilikuja kujua mfumo ulikuwa na sehemu ya mali ya watu iliyowekwa kutunzwa tangu mwanzo. Ilikuwa imezimwa tu, hakuna aliyeiomba. Kwa hiyo anayesema software ndiyo mbovu, hapana.

Tukaomba tuahirishe mpaka msimu upite, au utaratibu wa zamani uendelee sambamba na mpya kwa muda. Tukaambiwa tunaogopa maendeleo. Tarehe ya kuwasha ilishatangazwa na keki ilishaagizwa. Tukala keki.

Kumbe ofisi yetu ya mauzo huko Dar wamefungua skrini, wanaona ghala limefurika mahindi ya kampuni. Wakamuuzia mnunuzi mkubwa. Malori yalipofika, watu wa ghala wakasita, wakampigia Bosi Mdogo. Akawaambia wapakie, mfumo unaonyesha ni yetu. Na kusema ukweli, hakuna aliyeweza tena kuonyesha gunia lipi ni la nani.

Mvua zikakolea, ule wakati unga unakata kila nyumba. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Ester, mjane wa kule Milanzi anayelea wajukuu. Akaegesha baiskeli, akaingia, akazunguka ghala zima akitafuta kanga yake ya njano. Nilimwamkia shikamoo, nikaenda kumwita Bosi Mdogo.

Bosi Mdogo akatoka mwenyewe. Alimwomba radhi kwa heshima zote, akampa bahasha yenye hela, kwa bei ya wakati wa mavuno. Wakati huo sokoni bei ilishapaa.

Mama hakuifungua. "Mwanangu, mimi hapa sikuleta hela. Nilileta mahindi."

Akaiweka juu ya mzani, akaondoka na baiskeli tupu.

Baada yake wakaja wengi, na polisi nao. Mzee aliletwa akiwa ameshikwa mkono, akasimama mbele ya watu, akalia kama mtoto. Akaagiza mahindi yanunuliwe kwa bei yoyote ile. Malori ya kampuni yakauzwa, mashine zikauzwa, bado watu walirudishiwa pungufu. Wajukuu wa Mama Ester niliwaona kwenye vibarua vya kulima siku za shule. Kampuni ikafa, nasi tukatawanyika.

Consultant nasikia ametuweka kwenye CV kama mradi uliofanikiwa. Na kweli, uliwashwa kwa wakati.

Nilichojifunza: kabla hujanunua mfumo, nenda kakae ghalani, siyo hotelini. Uliza hata yale ambayo kila mtu anaona ni ya kijinga kuuliza. Usiwashe wakati wa msimu, na usitupe cha zamani kabla kipya hakijathibitika. Halafu awepo mtu mwenye ubavu wa kusema simamisha, na akisema, kweli isimame.

Mama yangu mzazi, pale Katandala, naye alikuwa na magunia yake mle. Mwaka huu mavuno yake ameyapanga chumbani anakolala, na wadudu wanayatafuna. Nikamwambia nimtafutie ghala zuri.

"Acha tu, baba," akanijibu kwa upole. "Bora yaliwe nikiyaona."

Haya wakuu, waliopitia mifumo hii wamwage ya kwao. Hata wa kunitukana, uwanja ni wenu.